Mama Yangu wa Gredi ya Tatu

Mama yangu alivunjika mkono akiwa gredi ya tatu, alipoanguka kutoka kwa mpera wa jirani. Nilimbeba mgongoni mpaka hospitali, mimi nikilia, yeye akiniambia ninyamaze, watu wanatuangalia. Pale dirishani muuguzi akaniuliza, "Huyu mtoto ni nani yako?" Nami nilikuwa nimechanganyikiwa, nikajibu kama ninavyojibu siku zote.

"Ni mama yangu."

Muuguzi aliweka kalamu chini. Akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi na ndevu zangu chache ninazozitunza kama miche wakati wa kiangazi.

"Kijana," akasema, "na wewe umegonga kichwa?"

Wacha nieleze. Kwetu Ukambani mtoto akipewa jina la nyanya yake, hapewi jina peke yake. Anapewa na kiti. Dada yangu wa pili alipojifungua msichana, bila bwana wa kuleta majina ya upande wake, alimpa jina la mama yetu, na mama yetu alikuwa ametuacha mwaka huohuo. Tangu hapo mimi na dada zangu wawili tulimwita Mwaitu, yaani mama yetu, akiwa bado anatema maziwa. Tukiingia nyumbani tulimsalimia yeye kwanza. Alipoanza kutembea hatukumtuma dukani, kwa sababu nani anamtuma mama yake dukani? Akilia, dada angesema, "Mwaitu, tumekukosea nini?" Familia nyingine hufanya hivyo kwa mzaha, na mtoto akikua mzaha unaisha. Sisi tulivyomkosa mama, tulisahau kuumaliza.

Kisha yule dada wa pili naye akaugua, akatuacha. Hapo sitakaa sana, maana nikikaa hapo sitainuka. Niseme tu kwamba siku ya mazishi, watu wakiwa wanakunywa chai, Mwaitu alikuja akanishika kidole akaniuliza, "Sasa wewe utapikiwa na nani?" Alikuwa bado hajui kufunga kiatu. Mimi nilikuwa nimetoka tu kidato cha nne, na alama za kunifikisha mlangoni pa karakana, si mbali zaidi. Nikamwambia tutapikiana. Ndivyo tulivyoanza kuishi wawili katika chumba kimoja cha kupanga, pale Katelembo.

Chumba kilikuwa na pazia katikati, kitanda chake upande wa dirisha, godoro langu upande wa jiko, na nje, limeegemea ukuta, geti. Hilo geti ni langu. Mimi huchomelea vyuma mjini Machakos, na jioni, kwa vipande vinavyobaki, nilijitengenezea geti la nyumba yangu ya kesho: la milango miwili, lenye twiga wawili wanaogusana midomo. Nyumba, bado. Shamba la kuiweka nyumba, bado pia. Lakini mtu aliye na geti si amefika nusu? Majirani walianika nguo juu yake. Mwaitu alisema twiga wangu ni mbwa waliovutwa shingo, nami nikasema ndiyo mama.

Nilisema ndiyo mama kwa kila kitu. Akiniambia giza lisinipate nje, nilikimbia kutoka stendi kama mwizi. Akiniambia nioshe miguu kabla ya kuingia, niliosha, hata nikiwa nimevaa buti kutwa nzima. Mama yetu wa kwanza alikuwa na ulimi mkali na moyo laini. Huyu wa pili alirithi vyote viwili, na ulimi ndio uliotangulia kukomaa.

Tulirudi nyumbani siku ile mkono wake wa kulia ukiwa ndani ya plasta. Lakini yule muuguzi alikuwa ameniambia jambo ambalo halikunitoka: "Leo tumemtibu kwa sababu ni dharura. Siku nyingine tutataka mtu anayejulikana kisheria. Nenda utafute karatasi za ulezi."

Nikaenda kwa chifu. Chifu akacheka. "Mimi najua wewe ni mjomba wake, na kila mtu hapa anajua. Lakini mimi si korti." Akanituma kwa afisa wa watoto, mama mmoja mpole kutoka upande wa ziwa, ambaye hakuwa Mkamba na hakuwa na haraka. Akasema sawa, atanisaidia, lakini lazima kwanza azungumze na ndugu wote wa mtoto. Ndugu wote alikuwa mmoja: dada yangu mkubwa, anayeishi Mlolongo na bwana yake.

Dada alinipigia simu jioni hiyohiyo.

"Kwa hivyo wewe unataka kuchukua Mwaitu kwa korti? Na mimi ni firstborn?"

"Dada, ni karatasi tu."

"Karatasi tu! Wewe uko na chumba kimoja. Huna bibi. Uko na geti haina nyumba! Mimi niko na vyumba viwili, maji iko kwa mfereji, shule iko hapo chini ya ploti. Unataka mama yetu aendelee kulala kando ya jiko?"

"Analala upande wa dirisha."

"Usinijibu!" Kisha akaanza kulia, na mimi nikaanza kulia, na Mwaitu akachukua simu akatuambia wote wawili tukalale. Lakini kesho yake dada alikwenda kwa afisa akasema naye anamtaka mtoto. Hapo nikaelewa kwamba sitafuti karatasi tena. Naweza kurudi kutoka kazini siku moja nikute upande wa dirisha hauna mtu.

Afisa alikuja kutuona Jumamosi. Nilikuwa nimefagia mpaka nyuma ya geti. Mwaitu ndiye aliyempokea, akampa kiti, akajishika kiuno kwa ule mkono mzima, akaniambia, "Mwana wakwa, wekea mgeni chai." Mwana wakwa ni kusema mtoto wangu. Nikaweka chai.

"Hapa nani huamua saa ya kulala?" afisa akauliza.

"Mimi," Mwaitu akasema.

"Na chakula?"

"Mimi. Huyu ndiye hupika, lakini maharagwe yake huwa hayajaiva."

Afisa akanigeukia. "Na mtoto akifanya makosa, wewe hufanya nini?"

Nilifikiria, nikitaka kusema ukweli. "Huwa namwomba msamaha."

"Amekosa yeye, na wewe ndiye unaomba msamaha?"

"Ndiyo, madam. Anakuwa amekasirika."

"Kama ile siku nilikata suruali yake ya kanisa," Mwaitu akanisaidia, "nikashonea mwanasesere blanketi."

"Na yeye akasema nini?"

"Akasema asante."

Afisa alikohoa ndani ya kikombe. Kisha macho yake yakatua kwenye plasta, iliyokuwa imegeuka rangi ya makaa, na mbwa mmoja mwenye shingo ndefu amechorwa juu yake. "Hii si ilikuwa itolewe?"

Mwaitu akaificha nyuma. "Wako na mashine ya kukata. Inalia kama grenda ya huyu. Nikamwambia hatuendi."

"Na wewe ukasema?"

Mimi natumia grenda kila siku. Najua inavyofanya chuma. Nilikuwa nimeona mama ana haki. "Nikasema ndiyo mama."

Afisa aliweka kikombe chini. Nje jirani alikuwa anaanua nguo kwenye twiga wangu. "Niambieni ukweli," mwishowe akauliza, "mlezi katika nyumba hii ni nani?"

Mwaitu akainua mkono mzima juu, kama darasani.

Wakati wa kuondoka afisa aliniita kando ya geti. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Huyu mtoto anapendwa, nimeona. Lakini ule mkono usipotunzwa utakauka. Mapenzi yako hayana mtu wa kusema hapana." Akasema likizo fupi ikija Mwaitu akakae Mlolongo, tuone mambo yatakuwaje, halafu tukutane kortini.

Ile likizo nilikula mkate na chai. Niliosha miguu kabla ya kuingia ingawa hapakuwa na wa kuniuliza.

Habari za Mlolongo nilizipata siku ya korti yenyewe, kutoka kwa shemeji. Shemeji ni mwanamume mkubwa, dereva wa lori la mawe, sauti yake inasikika mpaka upande wa pili wa barabara. Lakini alilelewa na babu yake, na kwa hivyo ana ile heshima ya zamani tunayoiita nthoni: mwanamume na mama mkwe wake hawali pamoja, hawakai kochi moja, wala hawaangaliani sana usoni. Na Mwaitu, ukifuata jina, ni nani yake? Asubuhi ile alinivuta nyuma ya mti wa maua nje ya korti, akaanza kunong'ona.

"Shemeji, hiyo likizo yote nimekula kwa lori."

"Kwa nini?"

"Nikiingia sebuleni, mama mkwe ako kwa kochi anaangalia katuni. Natoka. Nikiwa na vesti, huyo anatoka jikoni. Nakimbia bafuni. Bana, akaanza kuuliza dada yako kwa nini mimi naoga kila saa!"

"Na dada? Alimweza?"

"Wapi! Alimwambia akunywe maziwa. Mama akasema maziwa inampa kikohozi. Basi dada yako akakunywa yeye." Akaangalia huku na huku. "Nakuombea ushinde. Usimwambie nimesema."

Mimi nilifikiri korti ni ile ya kwenye televisheni, yenye ngazi na watu wa kupiga kelele. Ile ya watoto ilikuwa chumba kidogo, mlango umefungwa, viti vichache, na hakimu alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Ukimsikiza alivyokuwa akiongea Kiswahili ungejua amezaliwa vilima vilevile vyetu.

Dada alisema kwanza, na alisema vizuri. Vyumba viwili, maji, shule. Hakunisema vibaya. Alisema tu kwamba mimi ni kijana, bado naota, na mtoto hawezi kulala ndani ya ndoto. Ningekuwa hakimu ningempa.

"Kijana," hakimu akasema.

Nikasimama. Hotuba niliyoifanyia mazoezi barabarani ikakimbia yote, ikabaki sehemu moja. "Mheshimiwa, niko na mpango wa kujenga. Geti liko tayari."

"Geti la namna gani?"

"Lina twiga wawili, mheshimiwa."

"Ni mbwa," Mwaitu akasema kutoka kwenye kiti chake.

Hakimu akavaa miwani ili amwone vizuri. "Na wewe mwanangu, ungependa kukaa na nani? Sema bila woga."

Mwaitu hakuwa na woga. Alisimama, akavuta gauni chini, akatuangalia mimi na dada kwa zamu, vile mama alivyotuangalia zamani tukipigania ukoko wa sufuria. Nikajikuta nimeangalia viatu vyangu. Dada pia.

"Hawa wawili wamenichosha," akasema. "Huyu msichana ako na bwana, ingawa bwana yake anaoga sana. Huyu kijana hana mtu. Na mama hukaa kwa kitinda mimba. Kila mtu anajua hiyo."

Na kweli kila mtu anajua hiyo. Kwetu wakubwa huondoka wakajenga kwao, na yule wa mwisho ndiye hubaki na mama. Kutoka nyuma nilisikia shemeji akisema "Amina" kwa sauti ndogo, ndogo kwake.

Hakimu alijikuna shavu. "Hiyo ni kweli, na hata kwetu iko hivyo," akasema. "Lakini mimi sijakaa hapa kuamua mama atakaa wapi. Nimekaa kuamua nani atatunza huyu mtoto. Na huyu mtoto ana plasta iliyopitwa na wakati." Akatutazama mimi na dada. "Hospitali si mbali. Nitawaita tena baada ya chakula cha mchana. Nataka kuuona huo mkono. Sijamwambia yeye. Nimewaambia nyinyi."

Tukaenda wote, afisa wa watoto akitufuata polepole. Kwenye mlango wa chumba cha plasta Mwaitu alisimama. Ndani mashine ilikuwa inalia.

"Mimi siingii."

Dada akachuchumaa mbele yake. "Mwaitu, tafadhali. Nitakununulia viatu vya taa, vile vinawaka ukitembea."

"Hapana."

Dada akainuka. Aliniangalia macho yamejaa maji. "Amesema hapana," akaniambia, kama mtu anayeleta habari ya hali ya hewa. Shemeji alikuwa kule kwenye ua, ametugeuzia mgongo kwa heshima. Afisa alijifanya anasoma bango la kunawa mikono. Nikaona nimebaki mimi.

Nyinyi mlio na mama zenu, jaribuni siku moja kumwambia hapana mchana, mbele ya watu. Nilijua akikataa na mimi nikakubali, nitarudi Katelembo peke yangu, na hata hilo si kitu, mkono ndio utabaki mbovu.

"Mama," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga. "Leo tunaingia."

"Nani amesema?"

"Mimi."

"Unanipigia kelele?"

"Kidogo."

Midomo yake ikaanza kucheza. Sikuwa nimewahi kumwona akilia kilio cha namna ile, si cha kuamuru, si cha kunifanya niombe msamaha. Kilikuwa kilio cha mtoto wa gredi ya tatu anayeogopa mashine, kamasi na yote. "Itanikata," akasema, akanishika shati. Nikambeba, nikaingia, nikilia mimi pia, nikamwambia yule mtu wa plasta, "Anza na mimi."

"Wewe huna plasta."

"Weka tu kwa ngozi. Aone."

Yule mtu akacheka, lakini akaniwekea ile mashine mkononi, ikilia vilevile. Nilifumba macho nikaaga vidole vyangu. Halafu nikaanza kucheka. Ile mashine haizunguki kama grenda, inatetemeka tu. Inatekenya!

Mwaitu akaacha kulia ili ashangae. "Haikati?"

"Inatekenya, mama."

Akafikiria. Kisha akanyoosha mkono, uso ameuficha shingoni kwangu, na kucha za ule mkono mwingine amezizamisha mgongoni mwangu. Plasta ikafunguka kama ganda la karanga. Ndani kulikuwa na mkono mwembamba, mweupe wa magamba, wenye harufu ya soksi. Aliugeuza huku na huku.

"Huu si wangu," akasema. "Huu ni wa mtoto."

Kortini hakimu aliushika mkono, akaukunja na kuukunjua. "Nani alisema muingie?"

"Huyu."

"Ulimkasirikia?"

"Sana."

"Na sasa?"

"Mpaka kesho."

Hakimu akaandika. Akasema mlezi atakuwa mimi, likizo mtoto aende kwa shangazi yake Mlolongo, na afisa aendelee kututembelea. Alisema "shangazi" hivi bila kujali, na sote tukageuka kuangalia ni nani anayesemwa. Kisha akaninyooshea kidole. "Na wewe, kesho akiwa bado amekasirika, usimwombe msamaha. Umesikia?"

"Ndiyo mama," nikasema.

Wote walicheka, hata dada, hata Mwaitu aliyekuwa amekasirika mpaka kesho. Nje dada alinikumbatia akanifinya mkono kwa nguvu, sijui kwa upendo au kwa hasira, kwake ni kitu kimoja. "Ukimwachia tena, nakuja kumchukua," akasema. "Na hiyo geti upake rangi, inashika kutu."

Shemeji alisema lazima tule, atalipa yeye. Tukaingia hoteli moja karibu na stendi, akatutafutia meza nzuri, halafu yeye akaenda kukaa meza ya mwisho, uso kwa ukuta. Alikuwa na furaha, mabega yote yalikuwa yanacheka.

"Mwambieni mkwe wangu supu isipoe," Mwaitu akasema.

Tukaletewa ugali na nyama. Siku zote za plasta alikuwa anakula kwa kijiko, mkono wa kushoto, na ukijaribu kumsaidia anakutazama mpaka unakumbuka una kazi nyingine. Sasa alitaka kula kwa mkono wake wa kulia. Akanyofoa tonge, likaanguka. Akanyofoa lingine, vidole havikuweza kulifinya, likaanguka juu ya gauni. Dada akaangalia dirishani. Mimi nikafinya tonge dogo, nikalichovya kwenye mchuzi, nikalipuliza, nikalishika hapo mbele yake.

Aliliangalia. Akaniangalia mimi.

"Ni leo tu," akasema, akafungua mdomo.